Dang'a ya Nyumba Saba

Nianze na hili, ili mtu asije akalisema nyuma ya mgongo wangu: mimi si mwizi wa maziwa. Nilikuta jagi limefunikwa sahani. Kwetu Buyenzi, chombo kilichofunikwa sahani na kuwekwa mezani karibu na mlango ni chombo cha kupelekwa kwa mtu. Hakuna aliyelelewa mtaa wetu asiyelijua hilo. Na kule bandani Ruziba, asubuhi ile, wa kupelekewa alikuwa nani kama si mimi, mke wa mwenye ng'ombe?

Mume wangu Massoudi alikuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini na minane. Alipoacha garaji alikaa nyumbani miezi saba, na miezi saba ile sitaki kuikumbuka. Alifungua cherehani yangu aone kwa nini inapiga kelele. Ilikuwa haipigi kelele, ilianza baada ya kufunguliwa. Akafungua friji, akafungua redio, akawa analitazama jiko langu la mkaa kwa jicho ambalo nililijua. Siku aliporudi na habari kwamba amepata kiwanja Ruziba, upande wa ziwani, na anataka kufuga ng'ombe, nilimwombea dua ndefu. Sikujua lolote kuhusu ng'ombe, ila nilijua kwamba Ruziba ni mbali na cherehani.

Akajenga banda la mabomba ya chuma, akalichomelea mwenyewe, imara kiasi kwamba kiboko akitoka ziwani na kuligonga ataumia yeye. Ng'ombe walikuwa watatu. Akawapa majina ya magari: Corolla, Starlet na Carina. Kisha akamwajiri Népomuscène, mtu wa milimani Mugamba, ambaye ukoo wake wote ni wafugaji, mpole, mwenye kusema maneno kumi kwa siku. Népomuscène hakutoa maoni yoyote juu ya majina yale. Massoudi akigeuka tu, aliwaita ng'ombe kwa majina ya Kirundi, kwa sauti ya chini, na wao walimwitikia yeye.

Mwaka jana walizaliwa ndama watatu. Wawili wakafa ndani ya wiki moja, mmoja kwa kuhara, mwingine kwa baridi ya mapafu.  Massoudi alirudi nyumbani, akaingia bafuni, akafunga mlango, akafungua bomba ili nisimsikie. Maji yalikuwa yamekatika tangu juzi yake. Nilisimama nje ya mlango nikamsikiliza mume wangu analia, bomba liko wazi na halitoi hata tone. Tangu siku ile, mimi ambaye nilitaka tu aondoke jikoni kwangu, nilianza kuwaombea ng'ombe kwa majina.

Msimu wa kuzaa wa mwaka huu aliungoja kama mtu anayengoja mtihani. Mlangoni mwa banda akaweka beseni la maji ya dawa, na kila anayeingia, awe shehe au padri, lazima achovye miguu. Akapiga chokaa ukuta mmoja ili aandike saa za kuzaliwa na saa za kunyonya, kama alivyokuwa akiandika tarehe za kubadilisha oili. Akachukua neti ya kitanda chetu ili ndama wasiumwe na mbu, nasi tukabaki na mbu. Akachukua taulo langu la wageni la kuwasugulia wakizaliwa. Na akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba mwaka huu wakifa tena atauza ng'ombe wote, atarudi kukaa nyumbani na mimi siku zote. Aliyasema haya kana kwamba ananifariji.

Carina ndiye aliyetangulia. Asubuhi niliondoka nyumbani na thermosi ya chai na chapati, nikapanga mstari wa basi mpaka miguu ikafa ganzi, maana mafuta yalikuwa yamepotea tena mjini. Nilifika Ruziba saa mbili. Nikachovya viatu vyangu vipya ndani ya dawa, nikaingia. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa makaa: Carina, saa kumi na moja na dakika kumi, jike. Ndama mwenyewe alikuwa amelala juu ya magunia chini ya neti yetu, mwekundu, kichwa amekilaza, na Massoudi amepiga magoti anamsugua kwa taulo la wageni.

Sasa, yale ambayo sikuambiwa ni haya. Carina alizaa kwa shida usiku kucha. Ndama alitoka amechoka, hawezi kusimama, na asiyeweza kusimama hawezi kunyonya. Népomuscène akamkamua Carina yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, ambayo sisi tunayaita dang'a, akayaweka stoo kwenye jagi, akalifunika sahani kwa ajili ya nzi. Halafu akaenda Kanyosha kutafuta chuchu ya chupa, kwa kuwa ile ya mwaka jana ilikuwa imetafunwa. Mimi haya ningeyajuaje? Nilimwambia Massoudi chai ile pale, mimi naenda. Akasema eeh, bila kugeuza shingo.

Nikapita stoo kuchukua kikapu changu. Jagi lile pale mezani.

Niwaambie ukweli wa moyo wangu. Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu wa Gasenyi alikuwa na ng'ombe mmoja. Kila alipozaa, mjomba alimletea mama yangu dang'a ya siku ya kwanza. Mama aliipika taratibu kwa sukari na iliki mpaka ikaganda, ikawa inakatika kwa kijiko, na sisi watoto tulikaa chini tukingoja kukomba sufuria. Kwa hiyo nilipofunua sahani nikaona ile rangi ya njano, nilijua mara moja kwamba mume wangu, ambaye katika miaka yote ya ndoa alikuwa ameniletea vipuri vya magari tu, hatimaye amenifikiria. Nilifurahi mno. Nililipakata jagi lile ndani ya basi kutoka Ruziba mpaka Buyenzi, nikitabasamu peke yangu, mpaka mama mmoja akahama kiti.

Nusu nikaipika. Nikaigawa katika vibakuli sita, vikaenda nyumba sita za avenyu yetu, na kila nyumba nikahakikisha wanasikia kwamba ni ya ng'ombe wetu wenyewe. Nyumba ya saba ilikuwa tatizo. Nyumba ya saba ni ya Houda, ukuta wake na wangu ni mmoja, na mimi na Houda tulikuwa na miaka minane hatusemezani ila salamu. Sababu yake ni bakuli. Nilimpelekea mchuzi wa samaki siku ya Idi, naye akarudisha bakuli tupu. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hata ukitia chumvi. Mtu anayerudisha bakuli tupu amekwambia kitu.

Nisimpelekee, avenyu nzima itasema mimi Mwanasiti nina roho mbaya. Nimpelekee iliyopikwa, atasema sukari ni nyingi, na atalisema mbele ya watu. Nikapata akili. Ile nusu iliyobaki, lita mbili nzima, nikaiacha mbichi mle mle ndani ya jagi, nikampelekea, nikasema apike mwenyewe anavyopenda. Nikajua ataikosea, na makosa yatakuwa yake. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Saa nne na nusu simu ikalia.

"Mama Assia," Massoudi akasema, "kulikuwa jagi mu stoo. Umeiona?"

Nikamwambia nimeipata, nimeshukuru, na avenyu nzima inamwombea mema. 

"Umeifanya nini?"

"Nimepika."

 Kisha akaongea polepole, sauti ile aliyokuwa akiitumia kumwambia mteja kwamba injini imekwisha.

"Ile ilikuwa ya mutoto. Carina hana ingine. Népo anamukamua, inatoka matone tu, na anarusha mateke. Docteur ya ng'ombe anasema mutoto anapaswa kunywa ile mbele saa sita ifike. Akikosa, mwili hautakuwa na kinga. Atafata bale ba mwaka jana."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya, maana kugombezwa nimezoea na majibu ninayo. Alisema tu kwamba anarudi kumsugua, akakata simu. Mimi nikaitazama sufuria yangu pale jikoni, nikakumbuka lile bomba lisilotoa maji.

Nyumba sita zilikuwa zimekwisha kula, na hata kama zisingekula, dang'a iliyopikwa haimfai ndama. Mbichi ilikuwa kwa Houda tu. Basi nikajifunga kanga nikatoka. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua kumi na mbili, na katika hatua hizo kumi na mbili nilitunga uongo mara mbili. Nilifikiria kusema maziwa yameharibika, nikakumbuka kwamba wale sita wangeanza kutapika kwa hofu tu. Nilifikiria kusema nimekosea jagi. Kumnyang'anya mtu zawadi uliyompa kwa mkono wako mwenyewe, tena jirani mliyekosana naye, ni aibu ambayo haina jina. Ningependa zaidi kuchovya kichwa kwenye beseni la Massoudi.

Houda alikuwa sebuleni anachambua mchele. Mkwewe Lubna, mwenye mimba ya miezi tisa, alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu juu ya mto. Nikatoa salamu, wakaitikia. Houda akaniangalia mikono, akaona sikuleta kitu.

"Umefata jagi?" akauliza.

"Jagi na kile kiko ndani."

Nikamweleza yote. Nilianza kwa kujitetea juu ya sahani, lakini nilipofika kwa Massoudi na bafuni nikaacha kujitetea, nikasema tu kwamba ndama akifa mume wangu ataisha, na kwamba kosa ni langu. Houda hakuacha kuchambua mchele. Nilipomaliza, akauliza swali moja tu.

"Bale sita wote umebapa ya kupikwa. Mi peke yangu ukanipa mbichi. Juu ya nini?"

Ningeweza kudanganya hapo. Nilichoka.

"Juu ungesema sukari ni mingi."

Houda akafikiri. "Ningesema," akakubali. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye friji, akarudi na jagi langu, sahani bado juu yake, halijaguswa. Akaniambia hakuipika kwa sababu hakuelewa kwa nini nimempa nyingi hivyo baada ya miaka minane. Alisema anangoja kwanza kesho, aone wale sita kama wataamka.

Sikukasirika. Wallahi, sijawahi kufurahia kudhaniwa mchawi kama siku ile.

Sasa ilikuwa saa tano kasoro kidogo, na basi hakuna. Mbele ya nyumba ilisimama Probox ya Khaled, mtoto wa Houda, mume wa Lubna, na ilikuwa imesimama hapo wiki mbili bila mafuta. Lakini avenyu yote ilijua kwamba chini ya kitanda cha Houda kuna bidon, dumu la mafuta la lita kumi ambalo haliguswi, la kumpeleka Lubna kujifungua. Mimi sikuthubutu hata kuitazama njia ya chumbani. Aliyesema ni Lubna, kutoka pale mkekani, macho amefumba.

"Mama, mutoto wangu haji leo. Mi njo namubeba, mi mwenyewe, najua. Mutie mafuta mu gari."

Houda akasema nusu tu. Khaled akamimina lita tano kwa faneli, kwa uangalifu, Houda amesimama juu yake akihesabu kwa macho. Nikaingia nyuma. Nilidhani Houda atanipa jagi na kunitakia safari njema, lakini akavaa viatu vyake vya harusini, akaja akaketi karibu yangu na jagi akalishika yeye, amelizungushia kanga yenye maji. Alisema kwa maziwa haya haniamini tena.

Tulikwenda mpaka tukapita Kibenga. Khaled alikuwa anaendesha polepole kuokoa mafuta, nami nilikuwa nasukuma kiti chake kwa magoti bila kujijua. Hapo ndipo Houda alipoongea, huku anatazama nje.

"Ile siku ya Idi, mu nyumba hamukuwa kitu. Hata chumvi. Khaled alikuwa hana kazi. Mchuzi yako njo ilikuwa Idi yetu."

 Miaka minane nilikuwa nimemweleza kila mtu habari ya bakuli lile, hata fundi wa maji. Niliona haya, nikamwambia nimeona haya, na yeye akaniambia nishike upande ule wa jagi, barabara ina mashimo.

Tukafika saa tano na nusu. Massoudi alikuwa mlangoni. Hakunitazama usoni, alitazama jagi, kisha akamtazama Houda na viatu vyake vya rangi ya dhahabu, na kwa adabu kubwa akamwonyesha beseni la dawa. Nilifumba macho. Houda akainua gauni, akachovya mguu mmoja, akachovya wa pili, akaingia bandani akiacha alama nyeupe sakafuni.

Népomuscène alikwishaandaa karai la maji ya uvuguvugu. Akamimina dang'a kwenye chupa, akaizamisha chupa majini ipate joto, na nilipouliza kama kuwasha moto hakungekuwa haraka zaidi, alinigeukia na kutumia maneno yake ya siku ile.

"Mama," akasema kwa upole, "hii haipikwi."

Ndama alikuwa vile vile nilivyomwacha, ila ulimi ulikuwa umeanza kupoa. Chuchu ya chupa aliikataa. Massoudi akamfungua kinywa, maziwa yakamwagika kwenye taulo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, mikono ile iliyokuwa inaingiza skrubu gizani. Népomuscène akamsogeza Massoudi pembeni taratibu, akachovya vidole viwili kwenye dang'a, akavitia kinywani mwa ndama, akawa anamwimbia kitu cha Kirundi puani. Muda ukapita. Nilisoma kila aya niliyoijua, nikairudia. Halafu Népomuscène akatabasamu, akavuta vidole kidogo kidogo na kusogeza chuchu mahali pake, na chupa akampa Houda aishike, kwa kuwa kati yetu wote yeye tu ndiye hakuwa anatetemeka.

"Kanavuta," Houda akasema. Kisha, "Mama Assia, kanavuta kweli."

Alikunywa yote. Alipumzika, akanywa povu. Baada ya muda akatanguliza makalio juu, akaanguka, akainuka tena, akasimama miguu minne imekwenda pande nne, akatembea moja kwa moja hadi kwenye bomba la chuma la Massoudi na kuanza kulinyonya. Népomuscène akamwelekeza kwa mama yake. Njiani ndama akakojoa juu ya viatu vya harusi. Houda hakusogeza mguu, alisema tu viatu vyenyewe vilikuwa vinambana tangu siku ya harusi ya Khaled.

Massoudi akaenda ukutani, akachukua kaa, akaandika: saa sita kasoro dakika tano, lita mbili. Akasimama hapo muda mrefu kuliko maandishi yalivyohitaji. Mimi nikamfuata. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali wake, na nilitaka uje upesi uishe. Nikamwomba radhi, Houda anasikia, Népomuscène anasikia, na Carina pia. Nikasema hata jagi lingefunikwa sahani kumi, sikuwa na haki ya kulichukua bila kuuliza.

 Massoudi akageuka nyuma kuhakikisha Népomuscène yuko mbali, akanisogelea sikioni. Alinuka ng'ombe na usingizi.

"Ile umepika," akanong'ona. "Ulitia na iliki?"

"Nilitia."

"Imeganda vizuri?"

"Ilikuwa inakatika kwa kijiko."

Akameza mate. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa akiipika hivyo, na tangu azikwe hajaionja. Kwamba miaka mitatu amefuga ng'ombe, na kila wakizaa anaitazama dang'a ndani ya ndoo, na anaona haya kuomba hata kijiko, mtu mzima kumnyang'anya ndama. Kwamba asubuhi, baada ya kukata simu, alikuwa na hofu yote ile moyoni na bado akaiwaza sufuria yangu, na akajilaumu kwa hilo.

"Imebaki kidogo?" akauliza.

Nilitaka kumwambia imebaki. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini nyumba saba nilizikumbuka zote, mpaka ya jirani niliyemchukia, na mume wangu hakunijia akilini hata mara moja. Sufuria nilikuwa nimeikomba mwenyewe, nimesimama jikoni, kwa kidole.

"Haikubaki," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba kipuri hicho hakipatikani. Kisha akasema si neno, na Starlet anazaa wiki ijayo, inshallah, ana chuchu nne nzuri.

"Ndama ashibe kwanza," nikamwambia.

"Kwanza ndama," akasema.

"Na kitakachobaki ni chako. Nitapikia hapa hapa, mbele yako, na hakitoki mlango huu."

Houda, ambaye nilidhani anasafisha viatu, akasema kutoka kule kwa ndama kwamba sukari kidogo tu.